Nimerudi Ribe, acheni niwaeleze kuhusu kanisa letu

Hii ni wiki ya pili tangu nirudi, baada ya miaka kumi na nne Uingereza. Nilishuka Mombasa usiku, asubuhi nikapanda matatu ya Mazeras halafu nyingine ya njia ya Kaloleni, na tulipopita Rabai na minazi ikaanza kujaa pande zote mbili moyo ukaanza kunienda mbio kama mtoto. Nikasalimia watu, nikala, nikalala. Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne, hakuna ibada wala nini, lakini nilitoka nikaenda kanisani kukaa tu.

Sababu yake ni hii. Kule Birmingham kila nikikutana na Mkenya nikamwambia mimi ni wa Methodisti, swali ni lile lile, "Kumbe wewe ni Mmeru?" Nasema hapana, mimi Mribe, wa Pwani. "Kwani Pwani kuna Methodisti?" Jamani iliniuma, mwaka baada ya mwaka. Meru ndiko waumini wamejaa, hilo silibishi na wenzetu wamefanya kazi kubwa sana, lakini misheni ya Kaaga ilianza 1912. Ribe ni 1862. Miaka hamsini mizima kabla ya Kaaga watu walikuwa wanaimba tenzi hapa kwetu.

Na cha ajabu ni kwamba Ribe haikukusudiwa iwe kitu kikubwa. Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa Rabai, alikuwa na ndoto ya kuwafikia Waoromo, siku hizo wakiitwa Wagala, na ndiye aliyewaleta hawa Wamethodisti kutoka Uingereza mwanzoni mwa 1862. Ribe ilikuwa ya kuanzia tu, kituo cha njiani. Sasa waliokuja naye wakaanza kuumwa homa, mmoja mmoja wakarudi kwao, Krapf mwenyewe hakumaliza mwaka, akabaki kijana mmoja, Thomas Wakefield. Huyo alikaa karibu miaka 25. Mwaka 1863 akaja Charles New kumsaidia, ndiye yule aliyepanda Kilimanjaro 1871 mpaka akaigusa theluji. Yaani mtu aliyetoka kwetu Ribe! Mimi nimesoma shule hapa na sikuwahi kuambiwa.

Na kwa Waoromo walifika kweli, ila baadaye sana, wakafungua kituo Golbanti kule mto Tana. Mwaka 1886 Wamaasai wakakivamia wakawaua mmisionari Houghton na mkewe pamoja na watu wengine waliokuwepo. Hiyo habari niliisoma usiku nikashindwa kulala.

Lakini mtu ninayempenda zaidi katika historia hii yote si mzungu. Ni Sadi bin Ahedi, Mswahili, kiongozi wa misafara, mtu aliyezijua njia za bara kwa kichwa. Wakefield alikaa naye akamsikiliza, akaandika kila kituo, siku ngapi kutoka hapa mpaka pale, maji yako wapi, kabila gani liko wapi, mpaka huko Ziwa Victoria, na mwaka 1870 ikachapishwa London na Chama cha Kifalme cha Jiografia. Wazungu wengi walikuwa hawajakanyaga huko bado. Na New alipokwenda Uchagga aliyemwongoza ni Sadi huyo huyo. Mimi nafikiri jina lake lingepaswa kuwa midomoni mwa kila mtoto wa shule hapa Pwani.

Halafu kuna habari ya watoro. Hii niliisikia kwanza kwa Hawe, nyanya yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa anasema upande wa mama yake walikuja Ribe usiku wakikimbia mashamba ya watumwa ya Takaungu. Nilidhani ni hadithi za jikoni. Kumbe ni kweli kabisa, watumwa walikuwa wanakimbilia vituo vya misheni, Rabai, Ribe, Jomvu, na mabwana zao wakaja juu mpaka ikakaribia kuwa vita, ndipo ile Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikisimamia Pwani chini ya Mackenzie, ikakubali kuwalipa wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu wakagawiwa hati za uhuru pale Rabai. Zaidi ya watu elfu moja. Utumwa wenyewe ulikuja kupigwa marufuku Kenya 1907, kwa hiyo hawa walitangulia kwa miaka 18. Hawe hakuwa na cheti wala kitabu, alikuwa na maneno tu, na mimi nilikuwa nakoroga uji simsikilizi vizuri.

Basi hiyo Jumanne nikaenda makaburini. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunapelekwa kufyeka nyasi Jumamosi na hakuna aliyetuambia tunafyeka kwa nani. Kuna mke wa Wakefield, Rebecca, alifika 1870 na 1873 akafia hapa hapa. Nilichuchumaa nikapangusa majani makavu kwa mkono, jiwe limeota ukungu mweusi, nikawa napitisha kidole kwenye herufi maana kwa macho hazisomeki vizuri, ni kidole ndicho kinachosoma. Shangazi yangu alikuwa amenifuata na leso yake kichwani. Akaniuliza, "Mwanangu, unatafuta nini huko chini?" Nikamwambia nasoma. Akacheka kidogo, akasema yeye amefagia hapa miaka yote na hajawahi kumwona mtu anasoma.

Tukakaa kivulini nikamsimulia yote, Wakefield, Sadi, zile hati za Rabai. Nilipofika Takaungu akanikatiza. Akasema mimi nimekosea, si upande wa mama yake Hawe peke yake, hata babu yake alitoka huko, na akaanza kutaja majina, moja baada ya jingine, majina ambayo sijawahi kuyasikia maisha yangu yote. Nikatoa simu haraka nikawasha kurekodi. Akasimama, akaitazama simu, akauliza, "Inasikia?" Nikamwambia inasikia shangazi, anza tena tangu mwanzo.