Kuishuka Moshi kwa Miguu, Kahawa Ikituongoza

Gari la kulala ndani linafaa sana barabara kuu, ila njia za kupanda Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, hazikutengenezwa kwa ajili yake. Ni nyembamba, kona zimebana, matawi na nyaya za umeme zimeshuka chini, na gari la mita saba likishaingia hupati pa kuligeuzia. Ndiyo maana, baada ya kuvuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Taveta na Holili tukitokea Mombasa, tuliliacha Moshi mjini katika uwanja wenye geti na mlinzi, tukapanga siku nzima iwe ya daladala na miguu: asubuhi maporomoko ya Materuni na mashamba ya kahawa, mchana mjini.

Kabla ya kuliacha, lisawazishe. Moshi yote imeinamia kusini, hata pale macho yanapoona tambarare. Friji ya gesi hupooza kwa amonia inayozunguka kwenye mabomba kwa uzito wake yenyewe. Gari likiinama, mzunguko unakwama, friji inachemka mgongoni bila kupooza ndani, na ikiachwa hivyo kwa muda mrefu inakufa. Laza pimamaji ya fundi mwashi sakafuni, kisha pandisha magurudumu ya upande ulio chini juu ya vipande vya mbao hadi kiputo cha hewa kikae katikati. Kama uwanja una umeme, hamishia friji huko na ufunge valvu ya mtungi wa gesi. Paneli ya sola nayo isikae chini ya mwembe: kivuli cha tawi moja kinatosha kupunguza sana chaji ya siku.

Tuliondoka mapema, jua likianza kuchomoza, kwa sababu Kilimanjaro huonekana vizuri asubuhi na tena jioni. Kufikia saa nne au saa tano mawingu huwa yameshaufunika mlima. Mjini ni kama mita 800 juu ya usawa wa bahari na joto lake ni la kawaida kwa mtu wa pwani. Materuni, katika Uru Mashariki, ni juu zaidi na baridi yake inaonekana midomoni mwa watu. Beba sweta, koti la mvua, na viatu vyenye meno. Udongo wa huko ni mwekundu wa volkano. Ukikauka ni imara, ukilowa kidogo tu unateleza kama sabuni, na raba za soli bapa zitakulaza chini kwenye mteremko wa kwanza. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, ndiyo mibaya zaidi.

Daladala za Uru zinakufikisha sehemu kubwa ya njia. Palipobaki unapanda bodaboda au unatembea. Nauli ya boda mpatane kabla hujakaa. Beba shilingi za Tanzania, tena noti ndogondogo, maana kijijini kuvunja noti kubwa asubuhi ni shida. Kiingilio cha maporomoko hulipwa kijijini, na ni vizuri kuuliza papo hapo kama kinajumuisha mwongozaji, kahawa na chakula, au kila kimoja kina bei yake. Salamu zitangulie yote hayo. Mzee aliyeketi kibarazani anastahili shikamoo yake hata kama una haraka, na ukimpa, njia utaelekezwa vizuri.

Kutoka kijijini hadi kwenye maji ni kama dakika arobaini na tano kwa mwendo wa kawaida, ila sioni sababu ya kuharakisha, kwa kuwa njia yote inapita katikati ya vihamba, na kihamba ndicho kitu cha kutazama hapa. Ni shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, limepandwa kwa ghorofa. Juu kabisa kuna miti mikubwa ya kivuli, mringaringa na mgrivea. Chini yake migomba. Chini ya migomba ni mibuni, na chini ya mibuni magimbi na maharage. Ng'ombe hafungwi nje. Yuko bandani, analetewa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake inarudi kwenye mibuni. Ukisimama katikati ya shamba hilo huoni jua, na ndivyo buni aina ya arabika inavyotaka: ubaridi, kivuli na punje kuiva polepole.

Maji ya kihamba yanakuja kwa mfongo, mfereji wa wazi uliochimbwa kufuata mkunjo wa mlima kutoka mtoni huko juu. Kaya hupeana zamu. Aliye na zamu huziba mfereji kwa magome ya mgomba na tope, maji yakageukia kwake. Njia za miguu mara nyingi hufuata ukingo wa mfongo. Tembea upande wa nje wala usikanyage ukingo wenyewe, kwani ukibomoka, maji yanapotea kabla ya kumfikia mwenye zamu. Mipaka ya vihamba imepandwa masale, yale majani marefu ya kijani. Kwa Wachagga sale ni jani la heshima, linalotumika hata kuombea msamaha, basi usilikate kwa kujipambia kofia.

Maporomoko ya Materuni yana kimo cha mita zipatazo 80. Unayasikia kabla ya kuyaona. Hatua za mwisho ni za mawe yaliyolowa kwa mvuke, na hapo ndipo watu huanguka wakiwa wameinua simu. Piga picha ukiwa umesimama. Maji ni ya mlimani, baridi kweli, na anayetaka kuogelea aingie taratibu, asogee mbali na pale yanapoangukia.

Tukirudi tuliingia kwenye kihamba cha kahawa, na hapa msikimbizwe. Buni haziivi zote kwa pamoja, kwa hiyo mti mmoja huchumwa mara kadhaa kwa msimu, tunda jekundu tu. Siku hiyohiyo matunda hupitishwa kwenye mashine ya mkono ya kumenya. Yakilala yanaanza kuchachuka ndani ya ganda na ladha inaharibika. Punje zenye utelezi huachwa zivunde siku moja au mbili, au zaidi baridi ikiwa kali, huoshwa hadi zikwaruze mkononi, kisha huanikwa juu ya meza za wavu kwa wiki moja hadi mbili. Wageni huonyeshwa zilizokauka: unatwanga kwenye kinu kuondoa ganda jembamba, unapepeta kwa ungo, unakaanga kwenye chungu juu ya kuni huku ukikoroga bila kuacha. Zikianza kupasuka kwa mlio, kaa macho. Dakika chache mbele ndiyo tofauti ya kahawa na mkaa. Kisha unatwanga tena, unachekecha, unachemsha. Mnywaji wa kahawa chungu wa Mombasa ataikubali, ila ajaribu kwanza bila tangawizi.

Chakula tulikula tuliposhuka. "Karibuni wageni, mtori upo wa moto," alituita mama lishe, na mtori ndio wa kuagiza: ndizi mchare na nyama ya ng'ombe, vilivyochemshwa na kupondwa hadi vikawa supu nzito. Unashibisha kwa saa nyingi za kutembea.

Mchana ni wa mjini, na pa kuanzia ni jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Buni ilifika kwenye mlima huu kwa wamisionari wa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Walowezi hawakupenda Mwafrika ailime. Wakulima wakajiunga katika chama chao mwaka 1925, na KNCU yenyewe ikaundwa mwaka 1933. Ukiwa umetoka kutwanga punje asubuhi, jengo hilo unalitazama kwa jicho jingine. Makao ya Bodi ya Kahawa yako mji huuhuu, na kwa miaka mingi mnada wa kahawa ya Tanzania umefanyika hapa, wanunuzi wakionja sampuli kabla ya kutaja bei.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi stesheni. Wajerumani walianza reli Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911; treni ya abiria ya Dar es Salaam ilirejea Moshi Desemba 2019 baada ya kusimama miaka mingi. Kwa sisi tuliokuja kupitia Voi kuna jambo la kuongeza: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Taveta, ikaunganishwa na hii pale Kahe, kusini mashariki mwa Moshi. Hapo Moshi ikawa na njia mbili za reli kuelekea baharini, moja hadi Tanga na nyingine hadi Mombasa. Barabara tuliyoendesha kuja hapa inaandamana na ile ya pili sehemu kubwa ya safari.

Jioni vua viatu nje ya gari na uvioshe kabla ya kuingia. Ule udongo mwekundu ukikaukia kwenye zulia hautoki. Jaza tangi la maji usiku huohuo, na ukague mbao za magurudumu kabla ya kulala.