Idd Pili tuliyoimba Majimaji

Jina la bendi yetu silitaji. Aliyekuwa akipiga gitaa leo anafundisha madrasa, na mara ya mwisho nilipomkumbusha habari hizi mbele ya mkewe aliniuliza bei ya saruji. Kwa hiyo ni bendi tu. Ilizaliwa likizo ya Juni mwaka 2001, ikafa Januari, na katika umri wake wote ilipanda jukwaani siku moja.

Chanzo chake ni kaseti. Mwalimu wetu wa fizikia, Mzungu wa kujitolea, alipokaribia kumaliza muda wake Mtwara alianza kugawa vitu: baiskeli, chandarua, sufuria. Mimi niliambulia kaseti moja. Niliichagua kwa jalada lake, njano na nyekundu na kijani, nikajua ni rege. Niliporudi nyumbani na kuitia kwenye redio nikakimbilia kitufe cha kuzimia, maana kwa ile kasi nilidhani redio inakula mkanda.

Mkanda ulikuwa salama. Waliokuwa wakipiga vile ni Bad Brains, vijana weusi wa Washington, Marasta, waliotoa ile kaseti mwaka 1982. Kwenye jalada radi inapiga kuba la bunge la Marekani. Zamani walikuwa wakipiga muziki wa jazi, kwa hiyo mikono waliijua vizuri kabla ya kuamua kukimbia. Na rege ilikuwemo kweli, nyimbo chache katikati ya vurugu, kama mtu anayekuchapa makofi kisha akakupa maji ya kunywa.

Nilirudi kwa mwalimu kuuliza. Akasema muziki huo unaitwa hadikoo. Akanieleza habari za vijana wengine wa mji huohuo, Minor Threat, walioanza 1980 na kuvunjika 1983, ambao wao na wenzao walikaa nyumbani wakikunja majalada ya santuri zao kwa mikono bila kungoja kampuni. Wengine katika kundi lile, akasema, walikataa pombe, sigara na dawa za kulevya, na kukataa kwenyewe wakakufanya ndiyo ukorofi wao. Hapo nilicheka. Ustadhi wangu alikuwa akitumia fimbo kutufikisha palepale.

Mtwara ya mwaka ule ilikuwa ya Professor Jay na Juma Nature. Kila kibanda cha kaseti kiliwapiga wao, na kila mtaa wa Chikongola ulikuwa na kundi lake la kurap, mawili ikiwa mtaa mkubwa. Walichohitaji ni kaseti ya biti, maikrofoni na kofia. Siwadharau, wengine walikuwa wakali kweli. Lakini sisi tulitaka gitaa, na gitaa la umeme mjini pale nisingeweza kukuambia liko wapi.

Tukatengeneza. Mbao ilitoka kwenye kitanda kibovu, nyuzi ni waya za breki za baiskeli, na pale chini ya nyuzi fundi redio mmoja karibu na soko alituwekea sumaku na koili alizozitoa kwenye simu ya mezani mbovu. Fundi huyu ndiye aliyekuwa mtu wa nne wa bendi, ingawa alikuwa na watoto watatu na alituona kama wagonjwa. Siku niliyompelekea spika nzima nikamwomba aichane kwa wembe ili sauti ikwaruze kama ya kwenye kaseti, aliivua miwani yake kabisa.

"Mwanangu, watu huniletea spika zilizochanika nizigundishe. Wewe unaniletea nzima niichane?"

"Ndiyo, fundi."

"Mama yako anajua?"

Akaichana. Fedha ya kumlipa tuliipata kwa kubangua korosho. Aliyewahi kubangua anajua yale mafuta ya kwenye ganda yanavyobabua. Ngozi ya vidole inakuwa nyeusi, kisha inachubuka kama ya nyoka. Mpiga gitaa alikuwa akibangua asubuhi na kufanya mazoezi jioni kwa vidole hivyo juu ya waya za breki. Sijapata kumwona mwanamuziki anayeumia kwa dhati kama yule.

Ngoma alileta kijana wa Mikindani, likuti moja na vinganga viwili vya mjomba wake, ambaye hakuombwa. Nilipomsikilizisha kaseti aliinamisha kichwa, akasikiliza upande mzima bila neno, kisha akasema mpigaji ni mzuri ila mkono wake wa kushoto ni mvivu. Kasi haikumshtua hata kidogo. Yeye alikulia kwenye ngoma za Kimakonde, amekesha nyuma ya wapigaji wa sindimba tangu hajaota meno ya pili.

Tulifanyia mazoezi hukohuko Mikindani, ndani ya gofu moja la mawe ya matumbawe lisilo na paa, mgongo kwa ghuba. Jioni ya kwanza hatujamaliza wimbo wa pili, wakaingia kina mama sita wamejifunga kanga viunoni, wanapiga vigelegele. Ilikuwa majira ya jando na unyago, wamesikia ngoma, wamekuja. Mmoja akauliza, "Anatoka mtoto wa nani?" Tukabaki tunatazamana. Tulipokiri kuwa hakuna mtoto anayetoka, yule mama alikasirika kana kwamba tumemwalika harusi isiyo na bibi harusi. "Ngoma haipigwi bure," akasema, wakaondoka. Kuanzia siku ile tukawa tunapiga saa ya adhuhuri, jua likiwa kali, watu wamelala.

Nyimbo tulizotunga zilikuwa tano, hakuna uliofika dakika moja na nusu. Nakumbuka miwili vizuri. Mmoja ulihusu pantoni ya Rufiji na basi la Dar lililolala matopeni. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya mto huo mwaka 2003 wimbo ule ukakosa kazi. Wa pili ulihusu bomba la mtaani kwetu lililotoa maji usiku wa manane tu. Maneno yake yote haya hapa: "Maji! Maji! Saa nane! Maji! Maji! Ndoo iko wapi?" Unarudia mpaka pumzi iishe.

Idd ilituangukia katikati ya Desemba. Msimu wa korosho, mji una fedha kidogo, na Idd Pili kulikuwa na disko toto katika ukumbi mmoja wa Chikongola. Dijei alikuwa jirani yake fundi. Alikubali kutuachia nafasi baada ya Alasiri. "Nyimbo tano? Sawa, hiyo nusu saa," akasema, na tulipopanda akatoka kwenda kula.

Sijui nielezeje ukumbi ule. Watoto mia na ushee, wa miaka sita hadi kumi na tatu, kila mmoja na nguo mpya. Suti za vipande vitatu. Magauni yenye tabaka za wavu. Wavulana kadhaa wamevaa vile viatu vya kuwaka taa kisiginoni ukikanyaga. Hewa imejaa marashi na harufu ya bisi. Walikuwa wametoka kucheza Juma Nature, wamechangamka, wakasimama kututazama: mimi na maikrofoni ya dijei, mwenzangu na ubao wa kitanda, wa tatu amechuchumaa na ngoma tatu.

Wimbo wa kwanza walizubaa. Wa pili mtoto mmoja wa mbele, kichwa kikubwa, suti ya kijivu, alianza kurukaruka. Wa tatu walikuwa wakisukumana. Hakuna aliyewafundisha, mwalimu wa fizikia aliwahi kunisimulia kwamba huko kwao ndivyo watu wanavyocheza, lakini mimi sikumwambia mtu. Wa nne, wa tano. Tukamaliza. Kwa saa ya fundi zilikuwa dakika sita.

Dijei hayupo. Santuri na kaseti zake zimefungwa kwenye sanduku. Watoto wanapiga kelele, "Tena!" Tukaanza upya kutoka wa kwanza, na katikati ya duru hiyo ya pili umeme ukakatika.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, mwaka uleule wa kaseti yangu, lakini siku ile bado ilikuwa imelala chini na mji ulikuwa ukiwaka kwa dizeli. Kukatika kwa umeme hakukuwa habari. Habari ni kwamba madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa makuti na turubai ili disko lipate giza, kwa hiyo giza lilikuwa la kweli. Gitaa likafa. Maikrofoni ikafa. Mpiga ngoma hakusimama, nami nikaendelea kwa koo tupu, na pale chini nikaona viatu. Vitaa vyekundu vinawaka na kuzima, vinakimbizana, vinagongana, vinaanguka na kuinuka. Miguu huioni, mtoto humwoni, ni vile vitaa tu vinavyochemka sakafuni. Nimeona mengi tangu siku ile na bado hicho ndicho kitu kizuri zaidi nilichowahi kusimama mbele yake.

Likuti likaanza kulegea. Ngozi ikinywa jasho la ukumbi inashuka sauti, lazima ikanzwe motoni, hivyo mwenzangu akatoka nalo mbio kwenda kwenye makaa ya muuza mishikaki nje. Katika ukimya huo mlango ukafunguliwa, ikaingia tochi, na nyuma ya tochi Mwenyekiti wa mtaa.

"Nani mkubwa hapa?"

Mkubwa alikuwa fundi, lakini fundi alikuwa amejificha nyuma ya spika na redio yake. Aliyejibu ni mzee mlinzi wa ukumbi, aliyekuwa amekaa mlangoni muda wote na kibao chake.

"Shikamoo, mzee," Mwenyekiti akasema.

"Marahaba. Waache watoto, Mwenyekiti. Wanaimba Majimaji."

"Majimaji gani?"

"Vita. Mwaka 1905. Hukusoma? Babu yangu ametoka Umatumbi, ndiko ilikoanzia. Hawa watoto wanaimba historia."

Tochi ikanigeukia usoni. "Kweli, bwana mdogo?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Mimi nilisikia habari za ndoo."

Nikakosa la kusema. Mzee akadakia palepale, bila haraka, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo alilolisahau: "Ndoo ya dawa, Mwenyekiti. Kinjikitile angeitia wapi?"

Mwenyekiti alisimama kidogo. Nadhani alipima: upande mmoja historia ya taifa, upande wa pili watoto mia waliotota jasho gizani. Mpiga ngoma akarudi na likuti la moto, linanukia mishikaki. Tukaruhusiwa wimbo mmoja, huohuo wa historia. Tuliupiga kama mara nane, na mzee aliitikia "Maji!" kwa sauti nzito ambayo hatukuwahi kuwa nayo katika bendi.

Kesho yake asubuhi uwanja wa nyumba yetu ulijaa wanawake. Magauni ya Idd yaliyochanika, suti zisizo na mkono, kiatu kimoja cha taa ambacho mwenzake hakupatikana mpaka leo. Mama yangu ni mshonaji, na hilo ndilo lililoniokoa. Alizikusanya nguo zote akaketi kwenye cherehani yake siku mbili. Kwangu hakusema kitu ila kunituma: uzi mweupe, uzi wa bluu, sindano namba kumi na nne. Siku ya pili jioni ndipo aliponiuliza, bila kuinua macho, "Mliimba nini?" Nikasema Majimaji. Akasema, "Mmh," akakanyaga cherehani. Uzi tuliulipa kwa korosho, wiki tatu za kubangua.

Ukumbi ulituma ujumbe kwamba tusirudi. Baadaye sana nilisoma kuwa hata Bad Brains walifungiwa milango ya kumbi za Washington, wakahamia New York. Sisi tungehamia wapi, Lindi?

Hatukuhama. Januari mwenzangu wa gitaa alipelekwa kwa baba yake mdogo Dar, na kule Mikindani mjomba aliziona ngozi za ngoma zake zimepasuka kwa kukanzwa kupita kiasi. Mpwa wake alihamishiwa shambani Newala kabla ya mwezi kuisha. Gitaa nasikia lilirudi kuwa kitanda.

Kaseti ninayo. Fundi siku ile alikuwa na redio ya mawe, na kwa kuwa hatukuwa na kaseti nyingine aliziba vile vitundu vya juu kwa karatasi akaturekodi juu ya upande wa pili wa Bad Brains. Mwaka 2004 mdogo wangu wa kike, ambaye hana kosa lolote, akarekodi maulidi juu yetu. Ya kwetu imebaki kama dakika mbili kabla ya hapo. Umeme umeshakatika, redio inaendelea kwa mawe yake. Mwenyekiti anauliza ndoo. Mzee anamjibu. Mtu anacheka puani, nadhani ni fundi. Likuti linagongwa mara mbili kujaribiwa kama limekaza, kitufe kinalia tak, na wasichana wa madrasa wanaanza kaswida.