Bendera ibaki, kibao kiongezwe

Kwenye gwaride la Sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, tarehe 12 Desemba, bendera ya kikosi hupitishwa mbele ya safu kwa mwendo wa pole, karibu kabisa na nyuso za askari. Si madoido. Zama za baruti, moshi ukitanda vitani, askari alipaswa kuitambua bendera yake ili akipotea ajue pa kurudi. Waingereza wakaigeuza sherehe, nasi tukairithi kutoka kwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi lao la kikoloni la askari Waafrika. Keya hiyohiyo ndiyo iliyotumwa msituni kuwasaka Mau Mau baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952.

Basi sherehe hiyo tuitupe? Tanganyika, askari walipoasi Januari 1964, ililivunja jeshi la kurithi na Septemba ikaunda jipya. Sisi Wakenya tulikuwa na maasi ya kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, mwezi uleule, tukavunja kikosi kimoja tu. Lakini waasi wale hawakugombana na bendera. Walitaka mishahara mizuri, na walichoka kuamriwa na maafisa wa Kizungu.

Kwa hiyo gwaride sina neno nalo. Ninachoangalia ni askari anamtii nani akishalimaliza, na Kifungu cha 239 cha Katiba kinamkataza kutumikia chama. Wajerumani mwaka 1957 waliruhusu nishani za vita zivaliwe tena, ila swastika, alama ya Wanazi, ing'olewe kwanza: walijua hasa kipande kipi ndicho kibaya.

Kwetu kipande kibaya kiko Kenyatta Avenue, Nairobi, kwenye mnara wa Waafrika waliotumika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wala si zile sanamu tatu za shaba. Ni maandishi. Yanawasifu wapagazi, waliobeba mizigo ya jeshi, kuwa miguu na mikono ya jeshi, yanasema waliokufa walimfia mfalme wao na nchi yao, kisha yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Jina gani? Pale hakuna hata moja. Wapagazi wengi walichukuliwa kwa lazima, chini ya sheria ya mwaka 1915, wakafa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi kuliko risasi, na wengi hawana kaburi linalojulikana.

Kuyafuta maneno hayo ni kuwafichia wakoloni aibu yao. Kiwekwe kibao cha pili, kando, si juu ya kile cha zamani, kwa Kiswahili cha kawaida: mwaka wa sheria, kazi waliyofanya, kilichowaua. Na mstari mmoja kwamba Kariokor, soko la Nairobi tunakoenda kununua vyondo na kula nyama choma, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao, iliyotamkwa kwetu.