Mbona siisikii?

Sekunde 9. Ndio urefu wa ujumbe wa sauti wa Baba, na tangu Jumapili nimeshausikiliza kwenye tramu, jikoni, hata kwenye foleni ya mkate.

"Ngoma nzuri, mwanangu, Mungu akubariki. Lakini zikri yake mbona siisikii?"

Basi. Hakuongeza neno.

Jumamosi usiku hatimaye nilikwenda kuangalia sema, ile ibada ya kuzunguka ya wafuasi wa Mevlana. Wale mnaonisoma tangu nilipohamia Konya, huku Uturuki, mnajua nimekuwa nikiahirisha mwaka wa tatu huu, na mnajua Dada alivyoniuliza mara ya kwanza alipoliona neno hilo kwenye picha ya tangazo: "Sema nini?" Mwezi wa Disemba mji huu hujaa wageni kwa ajili ya tarehe 17, siku aliyofariki Mevlana Jalaluddin Rumi, sufi na mshairi, mwaka 1273. Wenyewe wanaiita usiku wa harusi, kwa kuwa aliyekufa amekwenda kwa Ampendaye. Kwetu tungeiita hauli na tungepika pilau.

Nilirekodi dakika 4 nikampelekea Dada ampe Baba. Nilidhani atalia. Baba ambaye amesimama kwenye halka ya tarika ya Kadiria tangu ujana wake, katika zikri iliyoenezwa Unguja na Sheikh Uways wa Barawa! Kama yupo mtu mtaani kwetu wa kuwaelewa wanaume wanaozunguka kwa ajili ya Mungu, ni yeye. Naye akaniambia ngoma.

Neno hilo lilinichoma. Nimekua nikisikia watu wakimrushia yeye maneno kama hayo. Ile zikri yao ya pumzi watu waliiita zikri ya kukohoa, maana aliyesimama nje ya mlango husikia vifua tu, jina la Mungu halisikii. Skuli walikuwa wananikoholea uwanjani wakati wa mapumziko. Baba hakuwahi kukasirika. Mimi nilikasirika kwa niaba yake miaka mingi, na sasa yeye ndiye aliyelitoa neno la walio nje ya mlango.

Nikamwandikia jibu refu, Dada amsomee. Nikaeleza kwamba ile kofia ndefu ya sufu ni jiwe la kaburi, joho jeusi ni kaburi lenyewe, na kanzu nyeupe yenye marinda mapana ni sanda, kwa hiyo wanapolivua joho wanatoka kaburini. Kwamba husimama kwanza mikono imepishana kifuani, mtu mzima kama alifu. Kwamba mkono wa kulia hufunguka juu kupokea, wa kushoto huelekea chini kutoa, wala hawabakizi kitu chao. Nikaeleza mpaka habari ya 1925, Jamhuri ilipozifunga tarika zote kwa sheria, kaburi la Mevlana likawa makumbusho 1927, na sema ikaja kurudi hadharani miaka ya 1950 kama maonyesho ya kumbukumbu. Ndiyo maana kuna tiketi, na taa za rangi. Hapo kidole kilisita. Nilikuwa namtetea nani? Maana swali la zikri iko wapi hata hapa lipo, wapo wazee ambao hawaendi ukumbini kabisa.

Nikaufuta ujumbe wote.

Wiki hii msimamizi wangu amepitisha sura ya tatu, kibali cha ukaazi kimetoka, na theluji ya kwanza imeanguka. Nitayaandika siku nyengine.

Jumanne nikamlalamikia Dada. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwani yeye ameona nini? Jicho la pili nalo limefunga tangu mfungo sita. Nilimuwekea simu sikioni."

Sikioni. Nilikaa kitandani na koti langu.

Baba hakutazama, alisikiliza. Na sema, hili neno la Kituruki tunalolisoma kama letu, limetoka kwenye Kiarabu cha kusikia, sama, asili moja na ile samiallahu tunayoitamka kila tunapoinuka kutoka rukuu. Mimi niliyekuwa ukumbini nilitazama kupitia kioo cha simu. Aliyefanya sama ni yule mzee asiyeona, kwenye baraza, simu ya Dada imebanwa sikioni.

Nikazima taa, nikairudia ile rekodi kwa masikio. Kuna filimbi yao ya tete, inayoanza kama mtu anayevuta pumzi ya kulia. Kuna viatu vya ngozi laini vikisugua mbao, shaa, shaa, na upepo wa yale marinda kila mmoja anapopita karibu. Kuna mtu anakohoa. Zikri haipo. Baba alisema kweli tupu.

Jumatano kazini nikamuuliza mwenzangu ambaye kaka yake amefundishwa kuzunguka. Akavua kiatu palepale kunionyesha. Mwanafunzi huanzia kwenye ubao wenye msumari katikati. Msumari hushikwa baina ya kidole gumba na cha pili cha mguu wa kushoto, na chini hunyunyizwa chumvi ngozi isichubuke. Kushoto hakung'oki, ndiyo nguzo. Kulia ndio unaozungusha, kuelekea upande wa moyo. Na kila mzunguko mmoja, jina la Allah mara moja. Ndani kwa ndani.

Nikampigia Baba usiku uleule.

"Shikamoo Baba. Zikri ipo, lakini ya kimya. Kila mzunguko mara moja."

"Marahaba. Kila mzunguko?"

"Kila mzunguko."

Nikawasikia kunguru wa kwetu nyuma yake, muda mrefu.

"Sisi tulipaza ili moyo usisinzie," akasema. "Hao wa kimya, wakisinzia nani atawajua?" Kisha akaulizia msumari. Unafika wapi? Mtoto wa miaka mingapi huanza? Nikamweleza pia kwamba mwisho hukaa chini wakasoma ile aya ya Baqara, mashariki na magharibi ni ya Mwenyezi Mungu. Akaimalizia mwenyewe, kwa sauti ile ya msikitini ambayo sijaisikia tangu niondoke, na mimi nikashindwa kusema Amin kwa kulia.

Hakulitaja tena neno ngoma. Sikumuuliza.

Kabla ya kukata aliniambia mfenesi umelalia upande wa jiko, una mafenesi makubwa matano juu, na fundi wa kuupunguza anasema kesho tangu wiki mbili. Dada humlaza mtoto kule kule jikoni anapopika. Nimempigia fundi mara nne leo, simu inaita tu, na mvua za vuli bado zinanyesha.