Saa 18 za mtandaoni hazinifikishi Tanga

Kwenye grupu la ukoo binamu yangu katupia picha aliyoitoa mtandaoni: Seattle, mji wa Marekani ninakoishi, hadi Dar es Salaam, kilomita 15,160 hivi, saa 18 angani. Chini yake kaandika, “Kumbe saa 18 tu, na mtu kashindwa kuja kumzika baba mdogo.” Watu wakagonga dole gumba. Hata shangazi!

Haya, tuhesabu. Baba mdogo alifariki alfajiri, akazikwa siku ileile baada ya Alasiri. Seattle iko nyuma ya Tanga kwa saa 10 au 11 kutegemea msimu, kwa hiyo habari ilinikuta jioni natoka kazini, na nilipoamka kurudi kazini alikuwa keshazikwa. Hata kama ndege ya saa 18 ingekuwa inaningoja mlangoni, ningekuta watu washanawa mikono.

Na ndege yenyewe haipo. Mtandao umepima tu umbali wa moja kwa moja, ukagawanya kwa mwendo wa ndege. Safari ndefu kuliko zote za abiria bila kutua ni ya Singapore hadi New York, kilomita 15,300 na ushee, nayo inatumia Airbus iliyotengenezwa maalumu kubeba mafuta mengi. Inachukua watu 161 tu, na daraja la kawaida halimo. Sasa nani ataturushia ndege kama hiyo kuja Dar, sisi tunaovizia tiketi za ofa?

Njia tunayopita wengi ni Ghuba. Seattle hadi Dubai ni kama kilomita 11,900, saa 14 na zaidi, ndege inapita huko juu karibu na Ncha ya Kaskazini na nje ni barafu tupu. Magoti yamegota kiti cha mbele, mtoto wa jirani anapiga teke mgongoni. Dubai unakaa saa nne ukibahatika, ukikosa bahati unalala kwenye viti vya chuma. Halafu saa tano na nusu nyingine hadi Dar. Bado foleni ya mizigo, bado teksi hadi stendi ya Magufuli, bado basi la Tanga. Toka mlango hadi mlango ni siku mbili, na hapo sijataja ruhusa ya bosi. Wala tiketi: ya Desemba inanunua bodaboda mbili mpya, chenji ikabaki.

Nyie mnaopanga kuja huku Marekani, sikilizeni. Msinunue tiketi mbili za mashirika tofauti eti mwokoe dola mia. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikujui, unanunua upya. Ukipitia Ulaya, ulizia kwanza viza ya kupita, maana pasipoti zetu wakati mwingine hudaiwa viza hata kama hutoki nje ya uwanja. Na tengeni akiba ya msiba mapema. Siyo uchuro, ni hesabu.

Nitakuja kwenye arobaini, Mungu akipenda. Mabegi mawili, kilo 23 kila moja, na tangu niseme hivyo grupu limechangamka ghafla: simu, viatu, vitamini za mama fulani. Za kwangu zimebaki kilo nne.