Jiwe la ukubwa wa punje ya mahindi limenigharimu dola 500

Wiki iliyopita nimelipa dola 500 kutoka mfukoni mwangu kwa ajili ya kioo cha mbele cha gari, ilhali kwa miaka miwili nimekuwa nikilipia kila mwezi kile ambacho wakala aliyeniuzia bima alikiita bima kamili. Hasira yangu haijapoa, na ninaandika kwa sababu najua wapo wengi wanaojiandaa kuja huku Arizona, Marekani, wakiwa na picha ileile niliyokuja nayo mimi, kwamba bima ni mbili tu: ndogo, ya kumridhisha trafiki, na kubwa, inayofuta kila hasara.

Huku mambo yamegawanywa vipande vipande. Sheria ya jimbo inamlazimisha kila dereva awe na bima ya kuwafidia wengine, na tangu Julai 2020 kiwango cha chini ni dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, dola 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja na dola 15,000 kwa mali iliyoharibiwa. Bima hiyo hailipi hata senti moja kwa kioo chako. Kipande cha pili hulipia gari lako linapogonga au kugongwa. Kipande cha tatu hushughulikia wizi, moto, mvua ya mawe, dhoruba na kokoto zinazoruka barabarani, na humo ndimo kinamoingia kioo. Mimi nilikuwa navyo vyote vitatu, lakini kipande hicho cha tatu kina kiasi ambacho mwenye gari hujilipia kwanza kabla kampuni haijatoa chochote, na changu kilikuwa dola 500.

Jiwe lenyewe lilirushwa na lori la kokoto kwenye barabara kuu ya 17, kaskazini mwa jiji la Phoenix, mwezi Juni. Liliacha alama ndogo kama nyota, upande wa abiria, nikaipuuza. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo zilizobanwa pamoja na utando wa plastiki katikati, kwa hiyo hakimwagiki, lakini ufa wa tabaka la nje hutembea, na joto la jangwani huusukuma. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi joto 43 au zaidi. Gari likishinda juani katika hali hiyo, kisha ukafungua kiyoyozi kikapuliza baridi moja kwa moja kwenye kioo, upande wa ndani hujikunja huku wa nje ungali umetanuka. Siku moja nilisikia mlio mkavu, nikaona mstari ukichomoza kwenye ile nyota na kuja polepole hadi mbele ya macho yangu, kama mtu anayechora kwa kalamu.

Kama ningekwenda mapema, fundi angeingiza resini, yaani gundi ya majimaji inayoganda, ndani ya alama ile kwa muda usiofika saa moja, na kampuni nyingi hulipia ukarabati huo bila kumdai mwenye gari kile kiasi cha kujilipia. Ufa mrefu hauzibiki. Kioo kipya pamoja na kuipanga upya kamera inayosoma mistari ya barabara, ambayo hukaa nyuma ya kioo na haiwezi kuachwa vivi hivi, vilifika dola 670. Kampuni ikatoa 170.

Kilichoniumiza hasa nilikijua baadaye. Sheria ya Arizona inaitaka kila kampuni inayouza kipande kile cha tatu impe mteja nafasi ya kuchagua ulinzi wa vioo usio na kiasi cha kujilipia. Sheria hiyo haisemi vioo waziwazi. Inasema vifaa vya usalama, kisha inafafanua kwamba maana yake ni vioo vya mbele, vya milango na madirisha, pamoja na taa. Kwenye fomu yangu mstari huo ulikuwepo, ukurasa wa nne, na chini yake sahihi yangu ya kukataa. Wakala aliniambia nisaini pale alipoweka alama ya kalamu ya njano, nami nikasaini, kwani nilikuwa mgeni na nilihitaji gari kesho yake asubuhi. Nyongeza hiyo ingenigharimu dola 7 kwa mwezi.

Kwa hiyo wewe unayekuja, usikubali neno kamili. Uliza kioo kwa jina lake, uliza utajilipia kiasi gani, na ufanye hivyo kabla jiwe halijaruka, maana ulinzi unaonunuliwa leo haulipi ufa wa jana. Alama ikitokea, ibandike utepe wa gundi ili vumbi lisiingie, egesha kivulini, punguza kiyoyozi cha kioo, na upige simu siku hiyohiyo. Ukifuatwa kwenye maegesho na mtu anayekuahidi kioo cha bure pamoja na zawadi, usimpe namba ya bima yako; ataiandikia kampuni madai kwa jina lako.

Jumamosi nilikaa na kijana aliyefika mwezi uliopita, tukafungua fomu yake mezani. Alama ya njano ilikuwa palepale, ukurasa wa nne. Alikuwa bado hajasaini.