Kijitabu cha Bibi

Agosti 2015 nilikuwa Hiroshima, Japani, katika Jumba la Makumbusho ya Amani, nimeshika kalamu ambayo mwishowe sikuitumia. Mbele yetu aliketi bibi wa miaka 75, mwembamba, mkoba ameupakata. Mwanafunzi mmoja alikuwa akitutafsiria.

Nilikuja kusikia habari za asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo. Aliimaliza kwa dakika chache. Alikuwa na miaka mitano, kilomita mbili hivi kutoka chini ya pale bomu la atomiki lilipolipukia, mita 600 angani. Aliona mwanga, ukuta ukamfukia, mama yake akamfukua. Basi. Watu wapatao 140,000 walikufa kabla ya mwaka ule kwisha, lakini yeye alitaka kutusimulia ya baadaye.

Dada yake, aliyetoka bila hata mchubuko, alianza kuvuja damu kwenye fizi mwaka 1953. Kansa ya damu. Mwaka uliofuata wakamzika. Yeye mwenyewe alichumbiwa akiwa na miaka 22. Upande wa mume ukapeleleza, ukajua siku ile alikuwa wapi. Wakatuma mzee mmoja, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akaomba radhi. Posa ikavunjika.

Kisha akafungua mkoba, akatoa kijitabu kilichochakaa pembe. Manusura, hibakusha kama wanavyoitwa huko, walianza kupewa vijitabu hivyo na serikali mwaka 1957 ili watibiwe. Miaka 12 baada ya bomu! Naye alikaa muda mrefu bila kukiomba, maana kukichukua ni kujitangaza. Alipokuja kuolewa na mwingine, alikificha chini ya nguo za majira ya baridi. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, alimhesabu vidole kabla hajamtazama uso. Vilitimia. Akahesabu tena.

Tafiti za miaka mingi hazijathibitisha kwamba watoto wa manusura wanarithi madhara ya mionzi ya bomu. Bibi analijua hilo vizuri. Na bado mjukuu akitokwa damu puani, yeye halali.

Watu walipotawanyika nikamfuata. Nikamwambia natoka Afrika, na kwamba sehemu kubwa ya urani, madini ya kuundia bomu lile, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Nakiri, nilitaka nionekane najua mambo.

Alinyamaza kidogo.

"Waliichimba kwa mashine?"

"Mawe mengi yalichambuliwa kwa mikono, Bibi."

Akatazama mikono yake, halafu yangu, akasema neno kwa sauti ya chini. Mtafsiri alisita kabla ya kunigeukia.

"Anauliza, mjukuu wangu, na wale wa mgodini, wao walipewa kijitabu?"